Ving'amuzi vya nje na cha nyumbani: ulihama lini, na kwa nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, nafunga madishi Temeke na Mbagala tangu 2011. Nilianza na ving'amuzi vya Wasauzi na vya Wachina, cha nyumbani nilikuwa bado sikifungi. Azam TV ilipoanza mwishoni mwa 2013 niliwaambia wateja wasubiri kwanza. Sikuamini kampuni ya unga na aiskrimu itaweza kushindana na DStv. Nilikosea. Haikupita muda kila aliyenipigia alitaka dishi la kuonea Simba na Yanga, na mwaka 2021 Azam wakasaini na TFF, shirikisho letu la soka, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi, shilingi bilioni 225.6. DStv, mgeni wa Kisauzi, alibaki na ligi ya Uingereza. Nyumbani kwenu ilikuwaje?

Mwenye kibanda, Manzese
Ninavyo vyote viwili. Wikiendi Arsenal na Man United wananijazia mabenchi. Lakini Watani wakikutana natoa mpaka ndoo watu wakalie, na watoto wanachungulia kwenye matundu ya bati. Siku hiyo kiingilio napandisha kutoka 500 hadi 1,000 na habishi mtu.

Mama wa Tabata
Kwangu si mpira, ni lugha. Mnaikumbuka ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, TBC, 2011? Ilikuwa kwa Kiswahili, na mama mkwe wangu ambaye Kiingereza hakijui alikuwa anatusimulia sisi tuliochelewa kurudi kazini. Hata Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia hapa Dar, Machi 2013. Baadaye Azam wakatuletea tamthilia za Waturuki wanaoongea Kiswahili, na DStv nao wana chaneli ya Kiswahili, Maisha Magic Bongo. Wakigombania sebule yangu namna hii, nafurahi.

Mwingiza sauti, Sinza
Mama wa Tabata, umenigusa. Hiyo kazi nimeifanya. Mturuki akisema "seni seviyorum" mdomo unafunguka mara sita. "Nakupenda" ni silabi nne tu. Ukiishia hapo, midomo ya mwenzio inaendelea kucheza bila sauti. Basi unasema "nakupenda sana", na kama analia unavuta ile "sana" pamoja na kwikwi. Tulikuwa tunarudia kipande cha dakika moja mpaka koo linakauka. Lakini siku niliyopanda daladala nikasikia abiria wawili wanabishana kuhusu mhusika wangu kama jirani yao, nilishuka kituo cha mbele nikatembea, machozi yananilenga.

Wa Kigamboni
Mimi nilihama kwa hasira. Nililipia kifurushi kwa kampuni moja ya nje, picha haikurudi siku tatu, na kila nikipiga simu naambiwa nisubiri. Siku ya nne nikanunua king'amuzi kingine dukani hapa mtaani.

Wa Gongo la Mboto
Sijahama. Mzee wangu ni Liverpool damu. Ila dishi la pili nalo liko juu ya bati.

Mwanzisha mada
Nawasoma wote. Tangu Canal+ ya Ufaransa iichukue MultiChoice, wenye DStv, mwaka 2025, wateja wananiuliza kama bei zitashuka. Aliyeona mabadiliko kwenye kifurushi chake aandike hapa, ataje na mtaa.