Kiraka cha jasho kwa wavuna chumvi Lindi: sodiamu inaruka kila redio ikirusha

FundiMchinga: Wakuu, natengeneza kiraka cha kupima sodiamu kwenye jasho la watu wa majaruba ya chumvi. Umeme unatoka kwenye jasho lenyewe: zinki upande mmoja, fedha iliyopakwa kloraidi ya fedha upande wa pili, seli 2 mfululizo. Mezani napata volti 1.9, mwilini haifiki 1.1. Redio ya kiraka ikirusha data, usomaji wa sodiamu unaruka milivolti 6. Elektrodi mbovu?

Mikindani_Saketi: Elektrodi iache, mkuu. Seli moja ya aina hiyo hutoa karibu volti 1, kwa hiyo jasho limeziunganisha seli zako mbili zikawa kama moja. Kila moja ipate pamba yake na tundu lake la kuingizia jasho, katikati ukingo wa silikoni uliobana ngozi. Sensa nayo isichangie jasho na betri, maana mkondo ukipita humo unasogeza volteji inayosomwa. Na hizo milivolti 6 usizidharau! Kwenye joto la ngozi, sodiamu ikiongezeka mara 10 unapata milivolti 61 tu, hivyo 6 ni kosa la robo nzima ya kiasi cha sodiamu.

Baada ya saketi ya kupandisha volti weka kapasita ya maikrofaradi 470. Ikishuka kutoka volti 3.3 hadi 2.2 inatoa takriban milijuli 1.4, zinatosha kurusha pakiti fupi ya data. Pima sodiamu kwanza, saketi hiyo ikiwa imezimwa, ndipo urushe.

BiKemia: Naongezea, maana majarubani chumvi iko hata kwenye ngozi. Osha kwa maji ya betri (yale yasiyo na asidi), kausha, bandika mgongoni chini ya nguo, na jasho la mwanzo lipite bila kusomwa. Usawazishaji wa sensa: gramu 0.58, 2.34 na 5.84 za chumvi safi ya maabara, kila moja kwenye lita 1. Ni milimoli 10, 40 na 100 kwa lita. Chumvi ya hapo hapo Lindi usiitumie, ina magnesi na unyevu, uzito utakudanganya. Elektrodi ilale usiku kucha kwenye ile ya 100.

FundiMchinga: Shukrani. Namba ikitoka 40, nimwambie mtu anywe kiasi gani?

BiKemia: Namba hiyo peke yake haisemi, wala haikuonyeshi sodiamu ya damu. Mpime uzito kabla na baada ya kazi, kwenye kilichopungua ujumlishe uzito wa maji aliyokunywa na uondoe uzito wa mkojo. Kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya jasho. Kwa milimoli 40, hapo amepoteza chumvi gramu 2.3.