Mwandishi hodari wa programu ana thamani gani katika kampuni isiyouza programu?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Ninasimamia kitengo cha TEHAMA katika kampuni ya usambazaji yenye ghala Barabara ya Nyerere. Tuna kijana mmoja anayeandika programu kwa umahiri ambao sijauona kwa mwingine. Ndiye aliyeunganisha mfumo wetu wa mauzo na risiti za kielektroniki za TRA, na tangu hapo wahasibu hawakeshi tena ofisini inapokaribia tarehe 20 ya kuwasilisha ritani za VAT. Sasa ameitwa kwingine, na uongozi unasema aende, kwa kuwa sisi tunauza sabuni na mafuta ya kula. Ninaamini wanakosea, lakini nashindwa kulieleza jambo hili kwa lugha ya fedha. Mnanishauri nini?

Jibu la kwanza
Ndugu, anzia hapo hapo kwa wahasibu. Nilifanya kazi katika taasisi moja ya fedha huku Posta, ambako kila asubuhi watu wanne walilinganisha miamala ya mitandao ya simu na vitabu vyetu, mstari kwa mstari. Kampuni ya nje tuliyoilipa ilituuzia ripoti nzuri zaidi ya kuonyesha tofauti, kwa sababu ndicho tulichoiomba. Baadaye aliajiriwa dada mmoja ambaye, kabla ya kuandika chochote, alikaa na wale wanne wiki mbili, akagundua kwamba mtandao ukikatika mfumo wetu hutuma ombi upya bila kuangalia kama la kwanza lilipokelewa, hivyo muamala mmoja huweza kuingia mara mbili. Marekebisho yalikuwa mistari michache ya programu. Waeleze wakubwa wako ni kazi ipi haipo tena kwa sababu ya kijana huyo, na ilikuwa ikila saa ngapi.

Jibu la pili
Waeleze pia upande wa hasara. Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa, ilipoteza takriban dola milioni 440 kwa dakika 45 hivi. Programu mpya haikuwekwa kwenye seva moja kati ya nane, na seva hiyo ikaamsha programu ya zamani iliyoachwa humo kwa miaka. Mfumo wa kununua hauji na mtu anayejua kilicholala ndani ya mfumo wenu.

Jibu la tatu
Nakubali kwa sehemu. Mfumo wa mishahara nunueni tu. Kumpa kijana huyo kazi hiyo ni kumpoteza. Vilevile msimfanye meneja ili mpate njia ya kumwongezea mshahara, maana atashinda vikaoni na kazi mnayomhitajia itabaki bila mtu.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Leo nimezungumza naye, na kabla ya kugusia mshahara amenieleza kwamba nusu ya siku zake hupita akitengeneza printa za ghalani. Hilo liko ndani ya uwezo wangu, na nimelirekebisha leo hii. Hesabu ya saa za wahasibu nitaipeleka kwenye kikao cha Ijumaa.