Msaada: nataka Access (programu ya Microsoft ya kutunza data) ivute mafaili ya txt yenyewe kila siku

stoo_kkoo: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Tuna duka la jumla hapa Kariakoo na matawi Mbagala na Tegeta, kila jioni mashine za mauzo zinatoa faili la txt limetenganishwa kwa koma, yote yanadondokea folda moja ofisini. Asubuhi naanza kuimpoti kwenye Access moja moja, kila faili naulizwa upya koma au tabu, namba au maandishi, na simu za wateja zinapoteza sifuri ya mbele, 0754 inakuwa 754. Hakuna namna ijivutie yenyewe?

fundi_data: Ipo mkuu. Anza na hilo la sifuri maana linaharibu data kimyakimya. Impoti faili moja kwa mkono, kabla ya kumaliza bonyeza Advanced, safu ya simu iwe Short Text, tarehe iwe DMY (siku, mwezi, mwaka), kisha Save As uipe jina, tuseme MauzoSpec. Sio ile ya kusevu hatua inayokuja mwishoni kabisa, ile inashika mpaka jina la faili, na yako yanabadilika kila siku. Halafu kwenye moduli, yaani ukurasa wa kuandikia kodi ndani ya Access:

DoCmd.TransferText acImportDelim, "MauzoSpec", "tblMuda", njia, True

tblMuda ni jedwali la muda, data inatua hapo kwanza kabla ya kwenda jedwali kuu, na njia ni anwani ya faili kwenye kompyuta. Hiyo True ni kama mstari wa kwanza una majina ya safu. Izungushe kwa amri ya Dir ipitie folda nzima, na faili likishaingia lihamishie folda nyingine kwa amri ya Name, la sivyo kesho linaingia tena na mauzo yanahesabika mara mbili.

mama_hesabu: Naongezea hapo kwenye tblMuda, jamani msiingize moja kwa moja kwenye jedwali kuu. Jedwali kuu liwekee indeksi isiyoruhusu kujirudia, tawi pamoja na namba ya risiti, hapo hata faili likirudiwa risiti za zamani zinakataliwa. Na ukiona jedwali geni limezuka lina neno ImportErrors lifungue, linakuonyesha mstari gani na safu gani imegoma.

stoo_kkoo: Asanteni sana, nimeelewa. Sasa ianze yenyewe hata sijafika ofisini inakuwaje?

fundi_data: Tengeneza makro (orodha ya hatua ambazo Access inazifuata yenyewe), iite VutaMauzo, ndani weka RunCode halafu QuitAccess. Kodi yako iandike kama Function, ikiwa Sub RunCode haiioni. Kwenye Task Scheduler ya Windows, ile inayoanzisha kazi kwa saa uliyopanga, unaweka hivi, /x ndiyo inaita makro:

msaccess.exe "D:\Mauzo\mauzo.accdb" /x VutaMauzo

Umeme nao unakatika, kwa hiyo weka tiki pale pa kuiendesha mara tu inapowezekana kama muda umeshapita. Kuhamisha kutoka tblMuda tumia CurrentDb.Execute, maana ukitumia OpenQuery itauliza kama una uhakika wa kuongeza rekodi na saa kumi na moja alfajiri nani atajibu, itakaa hapo hapo mpaka ufike. Na D:\Mauzo iingize kwenye Trusted Locations, orodha ya folda ambazo Access inaziamini, bila hivyo Access inazuia kodi na hakuna kitakachovutwa.