Noisiel, kitongoji cha Paris: kwa nini kiwanda cha chokoleti kilijengwa pale, na mji unaishi kwa nini leo?

Swali kutoka kwa Mchoraramani

Ninaandaa somo kuhusu miji iliyotegemea kiwanda kimoja, na nimeuchagua mji wa Noisiel ulioko mashariki ya Paris, katika mkoa wa Seine-et-Marne. Eneo lake linazidi kidogo kilomita 4 za mraba, na wakazi wake ni zaidi ya 15,000. Ninafahamu kwamba ukoo wa Menier ulitengeneza chokoleti hapo kwa muda mrefu sana. Nisichokielewa ni kwa nini kiwanda kiliwekwa mahali pale hasa, ilhali kakao haioti Ufaransa. Na ilikuwaje mji ukaendelea kukua hata baada ya kiwanda kufifia, wakati miji mingi ya namna hiyo hugeuka mahame. Nitawashukuru wenye ujuzi wa eneo hilo.

Jibu la Kinu cha Maji

Ndugu Mchoraramani, jibu la swali lako la kwanza ni mto Marne, na kakao haikuwa na neno katika uamuzi huo. Jean-Antoine Brutus Menier, aliyeanzisha biashara yake mjini Paris mwaka 1816, alikuwa mtengenezaji wa dawa, na kazi iliyomlemea ilikuwa kusaga: mizizi, magome, madini na kila kitu kilichouzwa kwa wafamasia kikiwa unga. Mwaka 1825 alihamishia kazi hiyo kwenye kinu cha maji cha Noisiel, ambako mto ulimpa nguvu bila kuni wala makaa, huku wateja wake wa Paris wakiwa si mbali. Chokoleti iliingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa wafamasia wa wakati ule waliiuza kama kiburudisho cha mwili na kuitumia kuficha uchungu wa dawa. Ndipo mwaka 1836 akatoa kipande kirefu chenye migongo sita ya mviringo, kimefungwa katika karatasi ya manjano, na polepole bidhaa hiyo ya pembeni ikaimeza biashara nzima.

Mwanawe, Émile-Justin, aliuza upande wa dawa mwaka 1867 na kubaki na chokoleti peke yake. Alinunua mashamba ya kakao Nicaragua na kuwa na kiwanda cha sukari huko Roye, kaskazini mwa Ufaransa, hivyo malighafi zake kuu mbili zikawa mikononi mwake. Mto ulibaki kitovu cha yote. Kinu kipya kilichosanifiwa na Jules Saulnier na kujengwa mwaka 1871 na 1872 kimesimama juu ya nguzo za mawe ndani ya maji, na tabaini, yaani magurudumu ya kuendeshea mashine, zilizungushwa na mkondo chini yake. Uzito wote wa jengo hubebwa na kiunzi cha chuma ambacho mtu hukiona waziwazi kwa nje, kikiwa na mikingamo ya mshazari kutoka pembe hadi pembe. Matofali ya rangi rangi na vigae vyenye maua ya kakao hujaza nafasi tu. Wanahistoria wa usanifu hulihesabu miongoni mwa majengo ya kwanza duniani ya aina hiyo, na kwa maoni yangu somo lako lingeweza kuanza na kuishia kwenye ukuta huo mmoja.

Jibu la Mpangaji

Ninakubaliana na aliyotangulia kuyasema ndugu yetu, lakini jengo zuri lisitusahaulishe waliokuwa ndani yake. Kuanzia mwaka 1874 ukoo wa Menier ulijenga mtaa wa wafanyakazi kando ya kiwanda: nyumba za matofali zilizojengwa mbili mbili, kila familia na bustani yake, zikapangwa kwa kupishana ili madirisha yasitazamane. Palikuwa na shule, maduka, kumbi za kulia chakula, na baadaye nyumba ya kuwatunza wazee. Kwa kipimo cha karne ya 19 hali hiyo ilikuwa bora kuliko ile ya wafanyakazi wengi wa Paris, na sioni sababu ya kuwanyima Menier sifa hiyo.

Hata hivyo, nyumba hizo zilipangishwa, hazikuuzwa kwa waliokaa ndani yake, na aliyeacha kazi aliiacha na nyumba. Émile-Justin alichaguliwa kuwa meya mwaka 1871, na umeya haukutoka katika ukoo huo hadi mwaka 1959. Basi mtu mmoja aliweza kuwa mfanyakazi wa Menier, mpangaji wa Menier, mteja wa duka la Menier na raia wa meya Menier, na kama alikuwa na malalamiko hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Ajabu ni kwamba Émile-Justin huyo huyo, alipokuwa mbunge, alipigania kodi itozwe kwenye mtaji badala ya mapato ya watu. Mwalimu atakayewaeleza wanafunzi wake upande mmoja tu wa habari hii atakuwa amewapunja.

Jibu la Abiria wa Mashariki

Swali la pili bado halijaguswa. Noisiel haikuwa mahame kwa sababu ilijengwa mara ya pili, safari hii na serikali. Mpango mkuu wa eneo la Paris wa mwaka 1965 ulikusudia kuelekeza ongezeko la watu kwenye miji mipya, na mmojawapo ulikuwa Marne-la-Vallée, uliotandazwa kama utepe kuelekea mashariki kwa kufuata reli. Shirika la umma la kuujenga, EPAMARNE, liliundwa mwaka 1972 na makao yake yakawa Noisiel kwenyewe. Treni ya RER A, inayounganisha Paris na vitongoji vyake, ilifika mwezi Desemba 1980, na tangu hapo katikati ya Paris ni mwendo wa takribani nusu saa. Majengo ya ghorofa yalipanda upande wa kusini, mbali na mto, na kitovu cha mji kikahama kutoka kiwandani kwenda kituoni.

Ukiitazama ramani utaona pia mabwawa mengi katika sehemu hii, inayoitwa Val Maubuée. Yalipangwa kupokea maji ya mvua kutoka kwenye barabara na mapaa kabla hayajateremka Marne, ingawa wakazi huyatumia zaidi kwa matembezi. Hata tangi la maji lilisanifiwa kwa fahari: msanifu majengo Christian de Portzamparc alilipa umbo la mnara unaopanda kwa kuzunguka, wenye mimea, katika miaka ya 1970, alipokuwa bado kijana asiyejulikana.

Kuhusu uchumi, Noisiel ya leo ni mji wa huduma, maduka, shule na ofisi, na wengi wa wakazi wake hupanda treni kwenda kufanya kazi kwingine.

Mchoraramani

Nawashukuru nyote. Je, kiwanda chenyewe kiliishia wapi?

Jibu la Kinu cha Maji

Kilipitia mikono kadhaa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia washindani walikizidi nguvu, kampuni ya Kiingereza ya Rowntree ikakichukua, na Nestlé ilipoinunua Rowntree mwaka 1988 ikakirithi. Utengenezaji wa chokoleti ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinu cha Saulnier kikatangazwa kuwa jengo la kihistoria linalolindwa na sheria mwaka 1992, na Nestlé ikayakarabati majengo kuwa makao yake makuu ya Ufaransa. Karibu na mwaka 2020 ikahamia Issy-les-Moulineaux, na manispaa ikapoteza ofisi zake kubwa kuliko zote, jambo ambalo kwa mji mdogo si dogo.

Shamba la mfano la Menier, Ferme du Buisson, lilipata bahati nzuri zaidi: sasa lina ukumbi wa maigizo, sinema na kituo cha sanaa. Majengo ya kiwanda ni magumu zaidi kuyapatia kazi. Jengo la zege lenye nondo la mwanzo wa karne ya 20 wenyeji huliita kanisa kuu kwa ukubwa wake, na lilisanifiwa na Stephen Sauvestre, aliyeupa Mnara wa Eiffel sura yake. Sheria hairuhusu majengo ya namna hiyo kubomolewa, na gharama ya kuyatunza ni kubwa kuliko uwezo wa mji wa watu 15,000.