Gavana achaguliwe na nani: madepite, raia, au Kinshasa? Tulinganishe

Mwana Katuba
Wandugu wa Lubumbashi, tangu Rais Tshisekedi atangaze kule Kisangani, mwezi wa kumi 2024, kwamba ataunda tume ya kuandaa Katiba mpya, kila mazungumzo hapa mjini yanaishia kwenye ibara ya 220, inayokataza kubadili idadi ya mihula ya Rais, na muhula wa tatu. Tuijadili, ni haki yetu. Lakini kuna nyingine inayotugusa zaidi sisi wa majimboni, ya 198: gavana anachaguliwa na madepite, yaani wabunge, wa jimbo.

Njia ni tatu. Tuache ilivyo. Au raia wampigie gavana kura wenyewe, kama wanavyompigia Rais. Au Kinshasa imteue, kama enzi za Mobutu.

Mimi nasimama na ya pili. Kampeni ya gavana haifiki huku kwetu Katuba, mtaani Lubumbashi, kwa sababu wapiga kura wake ni madepite wachache. Mwezi wa nne 2024 tulisikia redioni tu kwamba gavana amepatikana. Mama anayeamka usiku wa manane kupanga bidoni kwenye foleni ya maji atamdai nini mtu ambaye hakuwahi kumwomba kura?

Wa UDPS ya Rais Tshisekedi, wa Ensemble ya Moïse Katumbi, wa PPRD ya Joseph Kabila, na wasio na chama, karibuni. Tuheshimiane.

Kombata wa Kampemba
Yaya, umegusa kidonda chenyewe. Mwezi wa tatu 2019 uchaguzi wa maseneta ulizua kilio cha rushwa mpaka Rais akasimamisha kusimikwa kwao. Na waliopiga kura ni nani? Ni haohao madepite wa majimbo. Mwaka 2017 bunge la jimbo letu la Haut-Katanga lilimwangusha gavana Jean-Claude Kazembe, na raia anayekanyaga tope la Ruashi hakuulizwa.

Ndiyo maana sisi wa UDPS tunataka Katiba mpya. Hii ya 2006 ilitokana na mapatano ya watu wenye silaha. Mzee Étienne Tshisekedi, baba wa Rais na kiongozi wetu wa UDPS, alituita tuisusie kura ya maoni ya Desemba 2005, tukasusia. Kwangu ni njia ya pili. Hata ya tatu siikatai, mradi barabara zijengwe.

Wakili Kijana
Ndugu Kombata, mimi ni wa Ensemble, na juu ya njia ya pili tunakubaliana. Tunaachana hapa: kwa nini kubadili ibara moja kudai Katiba nzima mpya?

Mwezi wa kwanza 2011 zilibadilishwa ibara nane tu, na Katiba ikabaki ileile. Ibara ya 218 inaruhusu: Bunge na Seneti wakikutana pamoja na kupata tatu ya tano, yaani kura tatu katika kila tano, hakuna hata haja ya kura ya maoni. Union Sacrée, muungano wa Rais bungeni, ina wabunge zaidi ya hao. Kama ugonjwa ni 198, wairekebishe 198.

Halafu soma 220 mpaka mwisho. Watu wanaisoma kwenye idadi ya mihula ya Rais tu, lakini ibara hiyohiyo inakataza kupunguza mamlaka ya majimbo. Ukiandika Katiba upya, kinga hiyo inaanguka pamoja na ile ya mihula. Katanga haiwezi kukubali hilo kwa ahadi ya barabara.

Na njia ya tatu, nusu yake tunayo tayari. Marekebisho yale ya 2011 yalimpa Rais uwezo wa kumwondoa gavana na kuvunja bunge la jimbo pakiwa na mgogoro mzito. Wakati ule UDPS ilikuwa upinzani kama sisi leo, na ilipinga.

Mama wa Soko Kenya
Wanangu, mnagombania kiti, na mimi hapa sokoni Kenya, komini ya Lubumbashi, naangalia mfuko. Ibara ya 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na zikatwe palepale zinapokusanywa. Zimekatwa lini? Kodi zinapanda Kinshasa zote, halafu tunasubiri kinachorudi.

Malori ya shaba yanapita hapa mchana na usiku kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwa barabara hiyohiyo unga wa mahindi unaingia kutoka Zambia, na ukikwama mpakani, bei ya mfuko inapanda kabla ya jioni na bukari, yaani ugali, inapungua kwenye sahani. Gavana wa madepite au wa raia, asiye na fedha yake ataendelea kupanda ndege kwenda kuomba.

Angalau sheria ya madini ya 2018 imegawa mrabaha wazi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji, komini na machifu mahali madini yanapotoka, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 ndiyo ningependa tuifuatilie, maana bugumestre, mkuu wa komini, ninamwona kwa macho.

Kombata wa Kampemba
Mama, heshima yako. Lakini Kabila alitawala na Katiba hii tangu 2006 hadi Januari 2019. Asilimia 40 hakuitoa. Wanaolia leo, wengi wao walikuwa mezani naye.

Mama wa Soko Kenya
Kweli, mwanangu. Na 2019 mpaka leo ni nani yuko mezani?

Mzee wa Likasi
Mimi sina chama. Magavana wa Mobutu nawakumbuka: waliletwa kutoka mbali, wakahamishwa kabla hawajajua njia za Likasi, na macho yao yalikuwa Kinshasa siku zote. Njia ya tatu nimeishi ndani yake, siitaki tena. Nawakumbusha vijana wa UDPS kwamba Kongamano Kuu la Kitaifa, lililomchagua Mzee Étienne waziri mkuu mwaka 1992, ndilo lililoandaa Katiba ya shirikisho.

Hofu yangu iko kwenye ya pili. Mwaka 1992 na 1993 niliona familia za Wakasai, watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa hapa Katanga, zikilala nje kwenye stesheni ya Likasi, na sufuria zao na watoto, zikingoja treni ya kuondoka. Maneno ya mwenye nchi na mgeni yalianzia kwenye mikutano ya siasa. Mtu akitafuta kura za jimbo zima kwa maneno hayo, nani atamzuia?

Mwana Katuba
Baba, hilo ni zito. Ndiyo sababu nataka duru mbili, yaani anayeshinda awe amevuka nusu. Mtu wa kabila moja peke yake hafiki nusu Haut-Katanga. Itambidi akaombe kura Kampemba kwa wale aliowatukana. Duru ya pili ya Rais iliondolewa 2011, na kwa gavana tusikubali duru moja.

Kombata, nikuulize waziwazi: madepite wenu wakiletewa pendekezo la 198 peke yake, bila kugusa 220, watatia sahihi?

Kombata wa Kampemba
Siwezi kuwasemea. Mimi mwenyewe natia, na Katiba mpya bado naitaka.

Wakili Kijana
Basi hatuhitaji kuwangoja. Ibara ya 218 inawapa raia 100,000 haki ya kupeleka ombi la marekebisho bungeni. Jumamosi nitaandika rasimu ya ibara moja, niiweke hapa muikosoe.

Mama wa Soko Kenya
Andika na 175 itekelezwe. Bila hiyo sahihi yangu huipati.