Makocha mnawatuma watoto kwenye kurusha shilingi bila kuwafundisha cha kusema, afu mnawafokea!!

Wakuu, nimechoka na hili jambo acha niliseme hapa, maana tuko wengi tunaoishi Marekani na watoto wetu wanacheza hii futiboli yao (American football, sio soka) na hakuna anayekaa chini kuwaelewesha.

Mpwa wangu ni nahodha wa timu ya shule huku Ohio. Kabla ya mechi kocha akamwambia tukishinda shilingi sema tunapiga (yaani sisi tunaanza kwa kuwapigia wao mpira, wao wanaupokea na kushambulia). Basi, maelezo yote ndo hayo. Dogo kaenda katikati ya uwanja, shilingi ikaangukia kwetu, refa akamuuliza mnataka nini, akajibu vile vile alivyoambiwa, tunapiga. Refa akamwekea mkono begani, akageukia jukwaani, akarusha mguu kama mtu anayepiga teke, imeisha hiyo. Kipindi cha kwanza tukapiga wao wakapokea, haftaimu ikaisha wao ndo wenye zamu ya kuchagua, wakachagua kupokea tena, tukapiga tena! Yaani vipindi vyote viwili wenzetu ndo wanaanza na mpira. Afu kocha mzima anamfokea mtoto mbele ya wenzake eti kwa nini hukusema difa (yaani kuahirisha uchaguzi hadi kipindi cha pili). Ulimfundisha lini wewe??

Kwa wageni wa huu mchezo nieleze, maana mitandaoni mnadanganywa kila siku kwamba anayeshinda shilingi anapata mpira. Uongo. Anayeshinda anapata haki ya kuchagua, na haki ya kuchagua kwanza kila timu inakuwa nayo kipindi kimoja. Unaweza kusema tunapokea, unaweza kusema tunapiga, unaweza kuchagua upande wa uwanja kwa ajili ya upepo au jua, au ukadifa, maana yake haki yako unaiweka mpaka kipindi cha pili na mwenzako anachagua sasa hivi. Yeye karibu kila mara atasema anapokea, wewe unabaki na upande, na kipindi cha pili mpira unaanza na wewe. Timu nyingi zinapenda hivyo kwa sababu ukifunga dakika za mwisho kabla ya haftaimu, mkirudi tu mpira ni wenu tena, mwenzako anaweza kukaa muda mrefu bila kuugusa. Ila ukisema "tunapiga" haki yako umeshaitumia hapo hapo. Neno moja tu wakuu, na refa anafuata ulichosema sio ulichowaza.

Na msiniambie ni mambo ya watoto. Desemba 2019 Dak Prescott wa timu ya Cowboys kwenye NFL, ligi kuu ya kulipwa ya huu mchezo, mtu analipwa mamilioni, kwenye mechi na Rams alianza kwa kusema wanataka difensi (kuzuia), akasema wanapiga upande ule, mwishoni ndo akataja difa. Refa akahesabu kwamba wamechagua kupiga, mpaka ofisi ya NFL kule New York ikasikiliza sauti wakati wa haftaimu ndo Cowboys wakarudishiwa haki yao. Sasa mtoto wa shule nani atamsikilizia sauti?

Super Bowl (fainali ya NFL) ya Februari 2024 kati ya 49ers na Chiefs ikaenda ovataimu, 49ers wakashinda shilingi wakachagua kupokea, wakapata fildi goli (pointi tatu), Chiefs wakajibu kwa tachidauni (pointi sita), wakashinda 25-22. Baada ya mechi baadhi ya wachezaji wa 49ers wakasema hawakujua kwamba sheria ya mtoano, iliyokuwa mpya wakati ule, inazipa timu zote mbili nafasi ya mpira! Wachezaji wa Chiefs wao walisema walishafundishwa tangu kambini. Hiyo ndo kazi ya kocha, kukaa na wachezaji kabla, sio kupiga kelele baada.

Kinachoniuma ni kwamba hili ni somo la dakika tano. Mpange nahodha, simama kama refa, muulize, ajibu, mrudie hadi imkae kichwani. Badala yake mtoto kalia njia nzima kwenye gari akiamini kawaangusha wenzake.

Nimeshaomba kuonana na huyo kocha na nitamwambia hivi hivi nilivyoandika. Wenye watoto kwenye timu waulizeni leo leo nyumbani: ukishinda shilingi unasema nini? Akikwambia "tunapiga", mfuate kocha wake kabla ya mechi ya Ijumaa.