Nina mimba ya wiki 22, niko kwenye dawa, vidonge vya damu vinanichanganya

Habarini wapendwa, mie niko Mwanza natumia ARV mwaka wa 4 sasa, juzi kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu, shoga angu kaniambia eti vinaua nguvu ya dawa, nimevificha kwenye ndoo ya unga hata sijameza, nifanyeje?

mama_wawili: Usiache mdogo wangu! Kama unameza TLD (kile kidonge kimoja cha ARV chenye dawa tatu ndani), ile dolutegraviri iliyomo ndo inagombana na madini ya chuma ya vidonge vya damu ukivimeza pamoja tumbo tupu. Kula ugali wako kwanza ndo umeze vyote, au ARV itangulie masaa 2. Mie nilitegesha alamu saa 3 usiku za ARV, za damu mchana.

nesi_mstaafu: Kweli kabisa. Ulizia na kipimo cha wingi wa virusi, vikishuka visionekane uwezekano wa kumwambukiza mtoto unakuwa mdogo sana. Akizaliwa anapewa nevirapini, dawa ya kumkinga na virusi, wiki ya 6 anatobolewa kisigino kupimwa, na miezi 6 maziwa yako tu, bibi asimlambishe hata maji!

Muulizaji: Asanteni jamani, ngoja nikavifukue kwenye unga 😂